Pafu Langu na Sweta za Mama

Juzi mama alikuwa anahama. Baada ya kupanga nyumba Nyamasaria kwa muda ambao hata mwenye nyumba alishaacha kuuhesabu, ameamua kurudi nyumbani upande wa Sondu, alime kidogo na kufuga kuku wake kwa amani. Mimi nikaitwa nije kufunga mizigo. Kuitwa ni neno la heshima tu. Nilipigiwa simu saa kumi na moja alfajiri nikaulizwa kama bado nimelala. Katika sanduku la mwisho, chini ya mapazia, nikakutana na sweta nyekundu ya sufu, ya mtoto, yenye vifungo hadi shingoni na kiwiko kimoja kilichoshonwa kwa uzi wa kijani. Niliinusa kabla sijafikiri. Ilinuka vile vidonge vyeupe vya kufukuzia wadudu, na harufu hiyo ikanipandisha hasira kabla hata haijaniletea kumbukumbu.

Asiyefika Kisumu hawezi kuelewa hasira hii. Kisumu ni mji ambao saa saba mchana mbuzi wenyewe wanasukumana kutafuta kivuli cha ukuta, na maji ya bomba yanatoka yakiwa tayari kwa kuogea. Katika mji huo mimi nilivaa sweta miaka minne, kuanzia nilipokuwa na miaka kumi. Niliivaa shuleni, niliivaa kanisani, niliivaa nikila samaki wa moto jikoni. Na sababu yote hiyo ilikuwa pafu langu moja, la kushoto.

Sweta zenyewe hazikuwa shida kupatikana. Mama aliuza mitumba, na katika mitumba alijichagulia sweta, biashara ambayo ungedhani ni ya mtu aliyechoka na maisha. Lakini siku za soko alizibeba hadi Sondu, ambako watu huteremka kutoka milima ya Kericho wakiwa na baridi yao mifupani, na huko sweta zilikwenda kama mandazi. Zile zisizouzika, zenye kiwiko kilichotoboka, zilikuwa zangu.

Pafu lilianza na mpera wa jirani. Nilipanda kufuata pera moja lililoiva kwenye tawi ambalo kila mtu aliniambia limeoza, nikaanguka na ubavu wangu ukakutana na ukingo wa tangi la saruji. Mfupa ukaingia mahali pasipo pake. Nakumbuka kuvuta pumzi na pumzi kukataa kuja, kisha sura ya mama ikiniinamia, kisha hospitali. Daktari alieleza kwamba pafu limetobolewa na limesinyaa. Akaniingiza mrija katikati ya mbavu, na mwisho wa mrija akautumbukiza kwenye chupa kubwa ya maji iliyowekwa sakafuni chini ya kitanda. Kila nilipopumua, maji yale yalitoa mapovu.

Mama aliketi kwenye kigoda akaichunga chupa ile kama mtu anayechunga maziwa jikoni. Hakuna aliyemweleza maana ya mapovu, naye hakuuliza, alijifasiria mwenyewe. Nilimsikia akimwambia Dani, yaani nyanya yangu aliyemzaa mama, "Hayo mapovu ndio mtoto. Bora yanatoka, bado tuko na yeye." Nami nilikubali kabisa. Nilikuwa nikipumua kwa bidii ili nitoe mengi, mama afurahi.

Sasa nitaungama jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Asubuhi moja, mama akiwa ameenda nje kufua nguo zangu, sista wa wodi, mama mmoja mnene mwenye haraka, aliinama akaitazama chupa, akanigusa paji la uso akasema, "Mapovu yakikoma ni habari njema. Inamaanisha tundu limeziba. Mwambie mama yako akirudi." Nikaitikia, ndiyo sista. Kisha binamu yangu Awino, aliyekuwa akiishi kwetu na ambaye alinizidi miaka miwili, akaniletea ndizi mbivu. Mtoto mwenye ndizi hana ujumbe wa mtu. Mama aliporudi, nilikuwa nimesahau kila kitu.

Mchana ikawa saa ya kuwaona wagonjwa. Wodi ilijaa watu na chupa za chai na vibakuli vya uji. Mama, ambaye hakuwa amelala vizuri siku kadhaa, alisinzia pale kwenye kigoda. Mimi nilikuwa kwenye ndizi ya tatu. Akashtuka, akafumbua macho, na jambo la kwanza alilolitazama ni chupa. Maji yalikuwa yametulia. Hakunitazama mimi niliyekuwa mbele yake nikitafuna. Alitazama chupa, akasimama, akashika kichwa, akapiga nduru.

Na kwetu nduru haiachwi peke yake. Mwanamke akiisikia huipokea kwanza, halafu ndipo anauliza aliyekufa ni nani. Mama wa kitanda cha pili aliipokea. Wa dirishani wakaipokea. Wa kwenye korido, ambao hawakujua hata wodi ni ya watoto au ya wazee, waliweka vibakuli chini wakaingia mikono ikiwa vichwani. Dani alikuja mbio kutoka barazani, mikono amerusha mbele, akiwa tayari ananisifu: msichana mtiifu, msichana wa kuchota maji bila kutumwa. Sifa hizo sikuwa nimewahi kuzisikia nikiwa mzima. Nilijaribu kusema "niko" lakini mdomo ulijaa ndizi na kelele zilinizidi. Na nitasema ukweli, kuna dakika nilidhani pengine nimekufa na hivi ndivyo kulivyo. Watu wazima wengi kiasi hicho wangewezaje kukosea?

Sista akaja anakimbia. "Nani amekufa hapa?"

Wote wakaninyooshea kidole. Mimi nikainua ganda la ndizi.

Wodi ilicheka hadi watu wakalia upya. Kwa siku zilizobaki wageni walikuwa wakipitia kwangu kumwona "yule mtoto aliyeliliwa akiwa hai". Mama hakucheka, wala Dani. Jioni hiyo, wakidhani nimelala, Dani alimwambia mama maneno machache kwa sauti ya chini, nami nikayashika kama yalivyo: mtu akishaliliwa hachezewi. Sikuelewa na sikujali, kwa sababu nilikuwa na hofu yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeukumbuka ule ujumbe wa sista. Nilijua nimemwaibisha mama mbele ya hospitali nzima, na nilikuwa na hakika kwamba ameshagundua na anangoja tu tufike nyumbani anipe adhabu.

Tukafika nyumbani, na adhabu ikaanza. Angalau ndivyo nilivyoielewa.

Marufuku kuruka kamba. Marufuku kusogelea mpera, ambao wenyewe nilikuwa nimeshaunyima urafiki. Marufuku kwenda Dunga na wenzangu kuogelea pembeni ya ziwa. Nikienda, nikae kwenye mawe nikiwa na sweta. Marufuku kupuliza jiko, hilo sikulilalamikia, lakini marufuku pia kupuliza baluni. Siku za sherehe watoto wengine walipewa baluni wakazipuliza kwa mdomo wao. Mimi nilipewa yangu ikiwa imeshajazwa na mtu mwingine, mate yake bado yako shingoni. Katika kwaya ya Shule ya Jumapili nikatolewa kwenye sauti ya kwanza nikawekwa ya chini pamoja na wavulana. Shuleni barua ikapelekwa kwa mwalimu wa michezo, na kuanzia siku hiyo kazi yangu wakati wa michezo ikawa kukaa kando ya mlingoti wa bendera na kuchunga viatu vya darasa. Miaka minne nilijua viatu vya kila mtu, nani ana tundu na nani ananuka, lakini sikuwahi kukimbia mita kumi.

Nikiuliza kwa nini, jibu lilikuwa moja. "Daktari alisema." Nikiuliza lini itaisha: "Daktari atasema." Sweta nayo? "Upepo utaingia kwa hiyo shimo." Nikamwambia shimo limeziba, kuna kovu tu. Akaniambia niache kubishana na daktari. Kadi ya hospitali ilikaa ndani ya Biblia yake na haikuonyeshwa mtu.

Kila mwaka kulikuwa na maonyesho ya kilimo kule Mamboleo, na shule zilipeleka watoto wakaone ng'ombe wenye maziwa mengi na mahindi marefu. Hakuna mtoto aliyekwenda kwa ajili ya mahindi. Tulikwenda kwa ajili ya bembea ya minyororo. Ilikuwa nguzo ndefu ya chuma iliyoinama kidogo upande mmoja, na juu yake gurudumu lenye viti vya mbao vinavyoning'inia kwa minyororo. Chini palikuwa na injini iliyokohoa moshi mweusi. Ikizunguka, viti vilitupwa nje hadi watoto wakalala hewani wakipiga kelele. Nilikuwa nimeitazama mwaka mmoja, nikaitazama wa pili. Mama alitusindikiza, kwa vile hakumwamini mwalimu.

Mwaka wa tatu Awino akachoka kwa niaba yangu. Mama alikuwa amevutwa na mtu anayeonyesha kuku wa kizungu, na Awino akanipa tikiti yake.

"Panda," akasema.

"Pafu je?"

"Kwani pafu iko kwa matako? Wewe utakaa tu. Wala hukimbii."

Sikupata kosa katika hoja hiyo. Nikavua sweta nikampa, na upepo uliogusa mikono yangu mitupu tayari ulikuwa nusu ya raha. Kijana aliyekuwa akifunga watu minyororo kifuani akaniuliza kama niko sawa, nikamjibu niko sawa, naye akaenda kuipiga injini teke.

Mzunguko wa kwanza nilifumba macho na kushika ubavu wangu wa kushoto kwa mkono, ili pafu likitaka kutoka likute mlango umefungwa. Wa pili nikafumbua macho. Mapaa ya mabati ya mji wote yalikuwa chini yangu, na mwisho wa mapaa kulikuwa na ziwa, pana, limelala pale kana kwamba siku zote lilikuwa likinisubiri. Upepo uliingia kwapani, ukapita juu ya kovu, na hakuna lililotokea. Nikapiga kelele. Sauti ikatoka nzima, kubwa kuliko nilivyoijua, na nikapiga nyingine ili tu niisikie. Nilikuwa na furaha ambayo mpaka leo sijaipata tena kwa ukubwa ule.

Kisha nikamwona mama.

Alikuwa amesimama kwenye kamba ya kuzuia watu, sweta yangu kwapani, na leso yake ameisokomeza mdomoni. Ameishika kwa mikono yote miwili na kuisukuma ndani hadi mashavu yamevimba, macho yamemtoka. Kila nilipozunguka nilimkuta pale pale, hajasogea, leso mdomoni. Nikaelewa mara moja, au nilidhani nimeelewa: ni hasira. Amejizuia asinitukane mbele ya watu, anayaweka matusi akiba. Kelele zangu zikaisha. Mizunguko iliyobaki nilimchukia kwa kuniharibia kitu kimoja kizuri.

Niliposhuka, aliitoa leso. Ilikuwa imelowa.

"Vaa sweta," akasema.

Basi. Hakunipiga wala hakunigombeza, si pale wala nyumbani. Niliingoja ile akiba ya matusi wiki nzima na haikuja, na jambo hilo liliniudhi kuliko kipigo.

Na ili mjue nilikuwa nikiishi na mtu wa namna gani, nieleze tulivyorudi. Siku hizo boda boda zilikuwa baiskeli. Mama alisimamisha mbili. Awino alipanda moja na mfuko wa mizigo, mimi na mama tukapanda nyingine wawili kwa kiti kimoja, mimi katikati. Mteremko wa kutoka Mamboleo kwenda Kondele anayeujua anaujua. Ile baiskeli haikuwa na breki. Mwenye baiskeli alikuwa akiisimamisha kwa kukandamiza ndara yake kwenye gurudumu la nyuma, hadi tukaanza kunusa mpira unaoungua. Malori yalitupita karibu kiasi cha kugusa. Tulirushwa na kila shimo. Na mama, yule yule aliyeninyima baluni, akamgonga yule mtu mgongoni akasema, "Ongeza mwendo, bwana, mvua inakuja." Hiyo ndiyo hatari pekee ya kweli niliyowahi kulipitishia pafu langu, na ni mama aliyeisimamisha barabarani kwa mkono wake.

Nilipokwenda shule ya bweni niliivua sweta mwenyewe. Tangu hapo nimekuwa nikipanda kila kinachozunguka, kinachopaa na kinachoteleza. Nimevuka bonde nikining'inia kwenye waya. Kila mara nampigia mama picha na kumtumia, kwa makusudi kabisa, na kila mara jibu lake ni lile lile: "Umevaa nini?"

Basi juzi, chini ya ile sweta nyekundu, ilikuwapo Biblia ya mama ya zamani, na ndani yake ile kadi ya hospitali. Niliisoma nikiwa nimechuchumaa. Daktari alikuwa ameandika, kwa mwandiko unaosomeka bila shida yoyote, kwamba mtoto apumzike wiki sita, na baada ya hapo acheze kama watoto wengine. Kulikuwa na onyo moja tu, nisipige mbizi kwenye maji ya kina kirefu kabla ya kuonana naye. Wiki sita. Nilisoma tena kutafuta neno sweta.

Mama alikuwa akifunga godoro kwa kamba ya katani. Nikamwekea kadi mbele ya macho.

"Mama, hii inasema wiki sita."

"Najua kusoma, Akoth."

"Ulijua?"

"Nilijua siku ile ile."

"Miaka minne, Mama! Nimeshika viatu za watu miaka minne!"

"Na hakuna hata moja ilipotea."

Niliona giza. Nilimwambia mengi, yaliyoiva na yasiyoiva, na yeye akaendelea kukaza kamba hadi nilipoishiwa. Kisha akakaa juu ya godoro.

"Hiyo daktari hakukulilia," akasema. "Ni mimi nilikulilia. Nilikuita kwa wafu na mdomo yangu, na wewe uko hapo unakula ndizi. Dani akaniambia mtu akishaliliwa hachezewi. Kilio ya pili ndio inamchukua. Sasa ningekuachilia ukimbie, uanguke, mimi nishtuke nipige tena?"

"Na ile siku ya bembea?"

Akaweka kidole kwenye koo. "Nduru ilikuwa imefika hapa. Ukipiga kelele huko juu, inapanda. Ukizunguka, inapanda. Ningefanya nini, nyathina? Nikaizibia na leso. Kama ingetoka, ni mimi ningekuwa nimekuua."

Nyathina, yaani mtoto wangu. Nilisimama na kadi yangu mkononi, na yule mwanamke aliyesimama kwenye kamba ya bembea, ambaye nimemkasirikia nusu ya maisha yangu, nikamwona upya kutoka kule juu. Niliumia. Na nilijua kwamba sasa ni zamu yangu, kwa kuwa kama ni kutafuta aliyeanzisha mambo haya, hakuwa yeye, wala Dani, wala daktari.

"Mama. Sista aliniambia mapovu yakikoma ni vizuri. Alisema nikuambie."

Akaacha kamba. "Alikwambia lini?"

"Asubuhi ya siku hiyo. Ulikuwa umeenda kufua."

"Na wewe?"

"Kulikuwa na ndizi."

Alinitazama kwa muda mrefu, usoni, si pengine popote. Nje mwenye pikipiki aliyekuja kunirudisha mjini alikuwa akipiga honi.

"Yawa, jamani," akasema taratibu. "Ndizi." Halafu akavuta ncha ya leso yake akaiingiza mdomoni kwa mikono miwili, mabega yakaanza kutikisika, machozi yakamtoka, na mpaka sasa siwezi kuapa kama alikuwa akicheka au akilia. Nilikaa kando yake juu ya godoro hadi yakaisha. Mwenye pikipiki aliacha kupiga honi akaenda kutafuta kivuli.

Aliponyanyuka, alifungua mfuko mmoja wa sweta zake za kuuza, akapekua, akavuta moja ya kijivu, ya mtu mzima, nzito, yenye vifungo hadi shingoni.

"Pikipiki iko na upepo," akasema. "Vaa."

Ilikuwa saa saba mchana, Kisumu. Niliivaa, nikafunga vifungo vyote.